Injini moja kutoka Mombasa hadi Mara: kisa cha Cessna Caravan

Mgeni aliyefikia Nyali au Diani akataka kuwaona nyumbu wa Maasai Mara na kurudi baharini kabla likizo haijamwishia, ana njia mbili. Akienda kwa ardhi, ni treni au basi hadi Nairobi, kisha gari hadi Narok na kuendelea, na hapo siku nzima na ushei imeshaliwa. Akienda kwa anga ni kama saa mbili. Ndege itakayompeleka, mara nyingi, ni Cessna 208B Grand Caravan: bawa liko juu ya madirisha, magurudumu hayakunjwi, tumboni limebandikwa sanduku la mizigo, na puani kuna injini moja. Abiria wa mara ya kwanza huyapitia yote hayo kwa macho, akakwama kwenye hilo la mwisho. Moja tu?

Swali lake ni zuri kuliko anavyodhani, na lile jibu la "usijali, ni salama" analopewa kaunta ni jibu la mtu mwenye haraka. Nalichambua hapa kwa safari hiyo moja, kwa sababu Mombasa–Mara inaibana ndege hii kila upande: joto la pwani, chumvi, umbali, mwinuko wa Mara na viwanja vya murram. Msimamo wangu nauweka mapema. Injini moja ya Caravan si upungufu uliofumbiwa macho ili watu wapate faida. Ni uamuzi uliopimwa vizuri, ila gharama yake hulipwa chini, kwenye mizani na kwenye bomba la maji, kabla ndege haijapaa.

Ilikotoka

Hadi kufikia miaka ya 1980, kazi za porini duniani kote zilitegemea ndege za pistoni zilizokwisha kuzeeka. De Havilland Canada Beaver iliruka mara ya kwanza mwaka 1947, na uundaji wake ukasimama miaka ishirini baadaye. Dada yake mkubwa, Otter, naye akafuata mkondo huohuo. Zilikuwa ndege hodari. Jeshi la Anga la Kenya, lililoundwa mwaka 1964, lilikuwa na Beaver miongoni mwa ndege zake za mwanzo. Lakini hodari au la, vipuri vilikuwa vikipungua na petroli yake ikizidi kuadimika.

Cessna, kule Wichita katika jimbo la Kansas, ikaliona pengo hilo: ndege kubwa kuliko Cessna 206, inayotua karibu kila mahali 206 inapotua, lakini yenye turbini, injini inayozungushwa na gesi ya moto, badala ya pistoni. Mfano wa kwanza uliruka tarehe 9 Desemba 1982. Cheti cha Marekani kikatoka Oktoba 1984.

Kama ingeachiwa marubani wa porini peke yao, sidhani ingefika hapa ilipo. Aliyeibeba mgongoni ni mteja asiyekuwa na haja na simba wala mlima. Federal Express, kampuni ya vifurushi, ilitaka ndege ya bei nafuu ya kukusanya mizigo usiku kutoka miji midogo na kuipeleka kwenye vituo vikubwa. Ikaagiza toleo lisilo na madirisha, kisha ikataka liwe refu zaidi. Cessna ikaongeza futi 4, yaani karibu mita 1.2, na mwaka 1986 mwili huo mrefu ukaruka kwa jina la 208B. Ulipotobolewa madirisha na kuwekewa viti, ndipo ukawa Grand Caravan. Kwa hiyo anayeketi safu za nyuma leo, akipiga picha Kilimanjaro, ameketi mahali palipobuniwa kwa ajili ya katoni. Ndiyo sababu ya ule mlango mpana wa nyuma upande wa kushoto, sakafu bapa, na viti vinavyong'olewa haraka pakiwa na mzigo. Hadi sasa zimeshaundwa zaidi ya 3,000.

Kwa nini turbini, na kwa nini moja

Hesabu ya kwanza ni ya mafuta. Ndege ya pistoni hunywa petroli maalumu ya ndege, ghali, na yenye madini ya risasi (lead) ndani yake. Turbini hunywa Jet A-1, ndugu wa mafuta ya taa, ambayo ndiyo hayohayo yanayojazwa ndege kubwa za wageni kwenye uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa. Palipo na uwanja wa kimataifa, Jet A-1 ipo. Petroli ya ndege ni lazima uitafute, na mara nyingine uisubiri. Mwenye ndege akishaliona hilo, mjadala wa injini ngapi tayari umebadilika sura.

Chukua Britten-Norman Islander, ndege ya Kisiwa cha Wight, Uingereza, iliyoruka mara ya kwanza Juni 1965, iliyotumika sana katika safari fupi za visiwani. Ina injini mbili za pistoni. Zile za kawaida zina nguvu za farasi 260 kila moja, jumla 520. Grand Caravan ya kawaida ina injini moja ya nguvu za farasi 675. Injini mbili humpa abiria faraja, lakini zinapotoa nguvu kidogo na ndege imejaa, hewa ya moto, na kiwanja kiko juu, ile moja iliyobaki huenda isitoshe kuipandisha. Usalama wa injini ya pili una masharti yake, na mengi ya masharti hayo hukosekana Mara saa tisa alasiri.

Injini yenyewe ni PT6 ya Pratt & Whitney Canada, iliyoanza kuruka mwaka 1961. Muundo wake ni wa kinyume: hewa huingia kwa nyuma, ikasukumwa mbele, ikachomwa, na moshi ukatokea karibu na pangaboi. Ukiangalia Caravan ukaona bomba nene la moshi limejitokeza upande wa pua, ndilo hilo. Turbini inayozungusha pangaboi haikuunganishwa kwa chuma na ile inayozungusha kompresa, sehemu inayoikandamiza hewa. Kinachoziunganisha ni gesi ya moto tu. Sehemu zinazosuguana ni chache, na mtikisiko ni mdogo mno ukilinganisha na pistoni.

Waliobuni Caravan walijua swali la abiria litakuja, wakaweka majibu matatu ndani ya ndege. La kwanza ni bawa. Kanuni za Marekani ziliitaka ndege ya injini moja ya aina hii iweze kuruka polepole hadi noti 61, kama kilomita 113 kwa saa, kabla bawa halijapoteza nguvu ya kuibeba. Caravan inatimiza hilo kwa bawa refu la karibu mita 16 na vibamba vikubwa vinavyoshushwa nyuma yake. Ndege inayogusa ardhi polepole huwapa waliomo nafasi ya kutoka wazima hata pale ilipotua si kiwanjani. Jibu la pili ni mkono wa dharura uliopo karibu na mkono wa kawaida wa nguvu: kifaa kinachopima mafuta ya injini kikigoma, rubani anaweza kukipita na kuamuru mafuta moja kwa moja. La tatu ni mlango mdogo kwenye njia ya hewa, ambao rubani huugeuza anapoona vumbi. Hewa hulazimika kukata kona kali, mchanga mzito ukashindwa kukata nao ukatupwa nje. Kwa viwanja vya murram, hicho si kipambo.

Wasimamizi wa anga walichukua muda kukubali. Marekani iliruhusu ndege za turbini moja kubeba abiria wa kulipa ndani ya mawingu mwishoni mwa miaka ya 1990. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, likaweka viwango vyake mwaka 2005, vikitaka aina ya injini iwe imethibitika kuzimika angani chini ya mara moja kwa kila saa 100,000. Ulaya ilijiunga mwaka 2017 tu. Wazungu waliokuja kupanda Caravan Diani mwaka 2010 walikuwa wakipanda kitu ambacho kwao kilikuwa bado kimezungushiwa vikwazo vingi. Sijui ni wangapi waliokuwa na habari.

Mizani ya asubuhi

Sasa tuipakie. Hesabu hii ni ya kielelezo, namba za kawaida za 208B, wala si za ndege ya mtu fulani.

Uzito wa juu wa kupaa ni kilo 3,969. Ndege tupu yenye viti na sanduku la tumboni, tuseme kilo 2,300. Rubani 85. Kutoka Mombasa hadi Mara magharibi ni karibu kilomita 600 kwa mstari ulionyooka. Mstari huo unapita juu ya Tsavo Magharibi, Amboseli, kisha karibu na ziwa Magadi. Kwa mwendo wa ndege hii ni kama saa mbili, na injini hula takriban kilo 170 za mafuta kwa saa. Hiyo ni 340. Ongeza akiba ya kwenda kiwanja kingine na ya kuzunguka hewani ikibidi, kilo 210. Mafuta yote 550. Jumlisha, kisha toa: zimebaki kilo 1,034 za watu na mabegi.

Mtu wa kilo 75 mwenye begi la kilo 15 ni 90. Kumi na mmoja wanaingia, zikabaki kilo 44. Wa kumi na mbili haingii, hata kama kiti chake kipo na kimelipiwa. Abiria wakiwa wazito kidogo, kilo 85 kila mmoja, wanaingia kumi. Wakiwa wa kilo 75 lakini kila mtu ameburura begi la kilo 23 kama aliloshuka nalo kwenye ndege kubwa, ni kumi vilevile. Hapo ndipo ilipozaliwa ile kanuni ya kilo 15 na begi laini ambayo wageni huiona ni ukorofi.

Wenyeji nao hawaipendi. Safari za Lamu ndizo zenye vituko.

"Mama, begi limefika kilo 22."

"Mwanangu, humo ni nguo tu, na halua ya wifi yako."

"Halua nayo ina uzito, mama."

Kijana wa kaunta anayeshinda mabishano hayo anafanya kazi ya usalama kubwa kuliko anavyolipwa. Safari ikiwa ni ya Tsavo, nusu saa tu, mafuta yanapungua kwa zaidi ya kilo 200 na nafasi inapatikana. Huko kikwazo huwa viti, kilo zinatosha. Lakini safari ya Mara haina ukarimu huo. Na kiwanja cha Mara kikiwa hakina mafuta, rubani akaamua kubeba ya kwenda na kurudi, zinahitajika kilo 890 za mafuta. Abiria wanashuka hadi saba. Ndege ya viti 12 au 13 inayoruka na watu saba haimlipi mwenyewe. Ndiyo maana safari nyingi hurudi kwa kupitia Wilson jijini Nairobi, ambako mafuta yapo, na abiria akalalamika kwamba hakuambiwa.

Joto linaongeza ubishi. Uwanja wa Moi uko mita 61 tu juu ya bahari, lakini kwa nyuzi 32 za mchana hewa yake ni nyepesi kama ya mita 700. Hilo linavumilika; njia kuu ya kurukia, 03/21, ina zaidi ya kilomita tatu, na Caravan huitumia kipande tu. Wakati wa kusi, upepo unapotoka kusini-mashariki, ile njia fupi ya 15/33 humfaa zaidi rubani wa ndege ndogo kuliko ile kuu, maana upepo humjia usoni badala ya ubavuni. Tatizo liko upande wa pili. Kiwanja cha Mara kilicho mita 1,600, kwa nyuzi 28 za alasiri, kina hewa ya takriban mita 2,450. Pangaboi linashika kidogo, bawa linabeba kidogo, injini inapumua kidogo, na chini ni murram yenye mashimo ya ngiri. Rubani mwenye busara hupanga kuondoka huko asubuhi. Mgeni anayetaka "kutazama simba mara ya mwisho" baada ya chakula cha mchana anaomba kitu ambacho hakioni.

Mwaka 2013 zilianza kufika kwa wateja Grand Caravan EX, zenye injini ya nguvu za farasi 867. Uzito wa kupaa uliongezeka kidogo sana. Nguvu iliongezeka kwa zaidi ya robo. Wengi huisifu kwa mwendo. Kwa safari hii mimi ningeisifu kwa ile alasiri ya Mara: ndege inaachia ardhi mapema na kupanda haraka. Ila inakunywa zaidi, na tumeshaona kila kilo ya mafuta inamshusha nani.

Chumvi na maji

Ugonjwa uliojulikana sana wa Caravan duniani ni barafu. Katika Amerika Kaskazini na Urusi, ndege hizi zilianguka baada ya barafu kuganda mabawani, na bodi ya Marekani ya uchunguzi wa ajali ikasukuma hadi masharti yakakazwa na Cessna ikaleta mfumo mpya wa kutoa kioevu kisichoganda kwenye ukingo wa bawa. Kwetu barafu huanza juu, karibu mita 4,500 hadi 5,000, na Caravan isiyo na shinikizo la hewa ndani haina safari huko. Hubaki kwenye futi 10,000 hivi, kama mita 3,000, Kilimanjaro ukiitazama kutoka juu.

Ugonjwa wa Mombasa ni chumvi, nao hauna kishindo. Upepo wa bahari huibeba hadi kwenye maegesho, hukaa kwenye maungio ya alumini, hujificha chini ya rangi. Ndani ya injini ni mbaya zaidi: hujibandika kwenye mapanga ya kompresa na kupunguza pumzi yake, kisha penye moto mkali huungana na salfa ya mafuta na kuyala mapanga ya turbini. Dawa ni kuosha. Fundi huizungusha injini kwa mota bila kuiwasha, akanyunyizia maji kwenye njia ya hewa, kisha ikawashwa ikauke. Pwani, kazi hiyo inatakiwa kuwa ya kila siku ya kuruka.

Na maji gani? Hapa Mombasa ina kejeli yake. Visima vya kisiwani vingi vina chumvi, na bomba la mji hukauka litakavyo. Mtengenezaji wa injini ameweka kikomo cha madini yanayoruhusiwa ndani ya maji ya kuoshea. Ukiosha kwa maji ya kisima, umeongeza ulichokuja kukitoa. Mwenye ndege makini ananunua au anatengeneza maji yaliyosafishwa, madumu kwa madumu, kila jioni. Muda wa kawaida kabla ya PT6 ya Caravan kufunguliwa yote ni saa 3,600 za kuruka, na sehemu ya moto hukaguliwa katikati ya muda huo. Ukitaka kujua kama kampuni inafika huko bila mshangao, usiulize ndege ni ya mwaka gani. Uliza jioni wanaoshea maji gani.

Ajali

Haiwezekani kuandika haya kutoka Mombasa nikaruka Oktoba 2025. Tarehe 28 mwezi huo, Caravan iliyotoka Diani kuelekea Mara ilianguka Kwale muda mfupi baada ya kupaa, na wote 11 waliokuwamo wakafariki, wageni kumi na rubani Mkenya. Sababu ni kazi ya wachunguzi wa ajali za ndege, wala si ya watu wa WhatsApp ambao kufikia adhuhuri ya siku ile walikuwa wameshaihukumu "hii injini moja". Tulishaliona hilo pia Juni 2018, Caravan nyingine ilipogonga safu za Aberdare ikitoka Kitale kwenda Nairobi na watu 10 wakafariki. Ndege inapogonga mlima, injini ya pili ingegonga pamoja nayo. Mawingu, milima, uzito na maamuzi ya rubani vimewaua wengi katika ndege ndogo za aina zote, za injini moja na mbili. Jina la ndege halimwambii abiria mengi kuhusu mambo hayo. Mizani iliyo kaunta inamwambia zaidi, na vilevile rubani anayethubutu kusema leo haturuki.

Mwenye ndege wa Mombasa afanye nini

Cessna yenyewe imeshatoa jibu lingine. Mei 2020 iliruka SkyCourier, ndege ya bawa la juu kama Caravan, lakini yenye PT6 mbili na nafasi ya abiria 19. Cheti kilipatikana mwaka 2022. Mteja wa kwanza ni yuleyule wa vifurushi, aliyeagiza 50. Wabunifu walewale walipohitaji kubeba mzigo mkubwa zaidi, walirudi kwenye injini mbili bila aibu.

Kwa njia ya Mara, lakini, ningebaki na Caravan: EX kwa Mara yenyewe, na 208B za zamani kwa Tsavo, Amboseli na Lamu ambako kilo hazibani. Viti 19 vinajaa Agosti, nyumbu wakiwa mtoni. Mwezi Mei, mvua za masika zikiwa zimelowesha murram na hoteli za Diani zimefunga nusu ya vyumba, ndege hiyo ingeruka na watu sita huku injini zake mbili zikinywa kama kawaida, na chumvi ingekuwa na injini mbili za kula badala ya moja.